Talanta ya Mwenzako Usiifukie



Wapendwa wanaparokia, juma lililopita, baada ya Misa ya pili, alinijia mzee mmoja wa kigango chetu kimojawapo. Binti yake amechaguliwa kwenda kukimbia katika mashindano ya UMISSETA ngazi ya mkoa, naye mzee alitaka nimsaidie kumzuia. "Padre," aliniuliza, "kukimbia kutamletea nini mtoto wa kike?"

Swali lile lilinichoma. Miaka kadhaa iliyopita mzee huyo huyo aliniuliza neno hilo hilo juu ya dada yake binti huyu, nami nilimjibu vibaya. Nitalirudia.

Kwanza niwasimulie habari za Sabrina Wanjiku Simader. Alizaliwa mwaka 1998 huko Kilifi, pwani ya Kenya, penye minazi na joto la bahari. Akiwa na umri wa miaka mitatu alihamia Austria pamoja na mama yake, na baba yake wa kambo ndiye aliyemfundisha kuteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu zinazofungwa miguuni. Mwaka 2018, huko Pyeongchang, Korea Kusini, aliingia uwanjani akiwa amebeba bendera ya Kenya. Hakuwa na mwanamichezo mwenzake, kwa maana taifa zima liliwakilishwa na yeye peke yake. Akawa mwanamke wa kwanza kuiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya majira ya baridi.

Hakupata medali. Katika mbio za mteremko ziitwazo Super-G alishika nafasi ya 38. Siku hiyo mshindi, Ester Ledecká wa Ucheki, alimshinda wa pili kwa sehemu moja tu ya mia ya sekunde. Mchezo huu una gharama kubwa za vifaa, makocha na safari za milimani. Na Olimpiki ya Beijing ya mwaka 2022 ilipita bila mwanamichezo yeyote kutoka Kenya.

Mzee wetu angesema: basi, alipata nini? Sisi wa huku Itilima tumezoea faida inayohesabika, iwe ni ng'ombe zizini au kilo za pamba kwenye mizani. Siwalaumu, kwa kuwa mwenye njaa hana budi kuhesabu. Lakini naomba tumtazame Mkenya mwingine aliyemtangulia Sabrina kwenye theluji. Philip Boit alishindana Nagano, Japani, mwaka 1998, katika mbio za kilomita 10, akawa wa mwisho kabisa. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alikuwa amekwisha kumaliza muda mrefu. Hakuondoka. Alisimama penye baridi akamngoja yule wa mwisho, na alipofika akamkumbatia. Baadaye Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie.

Ndugu zangu, kila akimbiaye huhitaji mtu wa kumngoja. Sabrina alikuwa na baba wa kambo aliyemshika mkono alipokuwa bado anaanguka. Je, binti zetu wanaye nani?

Sasa nirudie kosa langu. Yule dada mkubwa alipochaguliwa, mimi nilimwambia baba yake kwamba msichana mwema hutulia nyumbani, na kwamba kwaya inamtosha. Nilisema hivyo kwa sauti ya mamlaka, nikiwa nimevaa kanzu ya upadre. Binti aliacha kukimbia. Hakulalamika, nami nikauchukua ukimya wake kuwa ni utii.

Tunaijua habari ya talanta katika sura ya 25 ya Injili ya Mathayo. Mara nyingi nimehubiri juu ya yule mtumishi mwoga aliyeifukia talanta yake ardhini. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu aweza kuchukua jembe na kuifukia talanta ya mwenzake. Mtumishi yule aliadhibiwa kwa kilicho chake. Mimi nitajibu nini kwa kisicho changu?

Jumatatu nilikwenda kumtafuta yule dada. Ameolewa sasa, ana watoto wawili. Nilimkuta kisimani, ndoo yake ikiwa bado haijajaa. Nikamwomba msamaha. Alicheka kwanza, kisha akainamisha kichwa kitambo. "Yamekwisha, Padre," akasema. "Lakini huyu mdogo mwacheni aende."

Jioni nilipita kwa mzee. Nilimweleza kwamba ushauri wangu wa kwanza ulikuwa na kosa, na kwamba sina ahadi ya medali wala ya fedha. Ninajua tu kwamba Mungu hagawi karama bila sababu. Mzee alinyamaza, akachezea fimbo yake, kisha akaniuliza kama viatu vya kukimbilia ni ghali. Sikupata jibu lingine usiku ule, nami sikuona haja ya kulidai.

Wapendwa, juma hili kila mmoja ajiulize: ni talanta ya nani niliyoifukia? Pengine mwenyewe yupo karibu, anateka maji kisimani. Twende tumwombe msamaha, na tumngoje yule anayekuja nyuma.

Mungu awabariki nyote.