Kiasi

Watu wa kale wa pwani walikuwa na jina jema kwa risasi iliyokwisha kutiwa baruti na fataki, ikawa tayari kupigwa. Waliiita kiasi, kiasi cha bunduki. Jina hilo halisikiki sana siku hizi kwa maana hiyo, nalo ni hasara, kwa kuwa lilitaja lile jambo hasa linalopaswa kutazamwa katika kitu kile kidogo kama kidole. Baruti ikipungua, risasi hukwama katika mtutu. Ikizidi, silaha humgeukia mwenyewe.

Bwana mmoja, mzaliwa wa Ushongo, kusini ya mto Pangani, alikuwa na sababu ya kulikumbuka jina hilo. Ameishi miaka mingi katika jimbo la Arizona, Marekani, na huko mchezo wake wa Jumamosi ni kulenga shabaha kwa bastola. Mchezo huo hula risasi nyingi, na risasi za dukani hula fedha nyingi. Kwa hiyo, kama wafanyavyo wengi wa huko, huokota maganda yake matupu ya milimita 9, huyasafisha, akayashindilia tena nyumbani. Sheria ya huko haimtaki leseni mtu ashindiliaye kwa matumizi yake mwenyewe, maadam hafanyi biashara. Tanzania haiko hivyo: sheria ya silaha ya mwaka 2015 haimwachi mtu atengeneze risasi bila ya leseni. Mashine yake, basi, ni jambo la Arizona. Lakini mashaka ya kuichagua alikuja nayo likizoni Ushongo.

Mashaka yalianza hivi. Alikuwa ameazima mashine ya rafiki, ile ya mfululizo, ambayo kila mkono wake ukivutwa mara moja hutoa risasi moja kamili. Usiku mmoja ganda lilikwama. Alilitoa, akarudisha mkono, akaendelea. Na katika kule kutoa na kurudisha, ganda moja lilipita bila ya baruti. Jumamosi iliyofuata, mahali pa mlio kulitoka sauti kama ya kizibo cha chupa. Kidole chake kilikuwa kimekwisha kujikunja kuvuta tena, na msimamizi wa uwanja akapiga ukelele wa kumsimamisha. Bastola ilipofunguliwa, risasi ilionekana imekaa katikati ya mtutu. Risasi ya pili ingeikuta hapo. Mkono ambao ungepasuka ulikuwa wake, na aliyesimama kuumeni kwake alikuwa kijana mwenye umri wa mwanawe.

Hakumlaumu rafiki wala mashine. Alimrudishia mwenyewe chombo chake kwa shukrani, akaanza kutafuta cha kwake.

Ziko mashine za namna tatu, na tofauti zake zahusu jicho kuliko nguvu. Ya kwanza hufanya kazi moja tu kwa kila mvuto. Mtu hubana maganda yote kwanza, kisha huyatia fataki, kisha baruti. Huyapanga hamsini katika kibao chenye matundu, akamulika taa na kuchungulia kila moja kabla ya kuweka risasi juu. Kwa saa nzima hupata hamsini, au mia akiwa mwepesi. Ya pili ni ya mfululizo, lakini sahani yake huzungushwa kwa mkono. Dillon 550 ni ya namna hii, nayo ina vituo vinne: cha kubana ganda na kutia fataki, cha baruti, cha kuweka risasi, na cha kukaza mdomo. Ya tatu, kama Dillon 750, ina vituo vitano na sahani yake hujizungusha yenyewe. Hizi mbili za mfululizo hutoa mia kadha kwa saa.

Mtu asiyezijua atadhani inayojizungusha ndiyo ya hatari. Sivyo kabisa. Inayozungushwa kwa mkono, mwenyewe akisahau kuizungusha, ganda lile lile hupata baruti mara mbili. Na kiasi cha bastola ni kidogo, hata mara mbili yaweza kuenea ndani bila ya kumwagika na kumshtua mtu. Inayojizungusha haisahau, na kituo chake cha ziada chaweza kuwekwa chombo cha kupima kina cha baruti. Lakini ikikwama, mpango wake wote huvurugika kwa pamoja, na mtu mwenye haraka haoni lipi limepita na lipi halikupita. Bwana yule alikuwa na ushahidi wake.

Mambo haya aliyafikiri katika nyumba ambayo zamani kulikuwa na gobore. Babu yake alilitumia kuwafukuza nguruwe mwitu shambani. Alimimina baruti katika kiganja, akaitazama, akaitia mtutuni, akashindilia kwa mdeki. Na kama alikuwa akizungumza na mtu wakati huo, alinyamaza. Magobore yalikaa pwani hii kwa sababu zisizokuwa za mapenzi tu. Watu wa Pangani walipoinuka mwaka 1888 pamoja na Abushiri bin Salim juu ya Kampuni ya Wajerumani, bunduki nyingi walizoshika zilikuwa za kushindilia mdomoni. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889, na Julai 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalikubaliana kuzuia bunduki za kisasa zisiingie katika sehemu kubwa ya Afrika. Bunduki za gumegume na baruti ya kawaida ziliachiwa mlango, kwa masharti. Hivyo mwenyeji aliachiwa silaha ya polepole. Babu hakujua habari za Brussels, alijua kunyamaza.

Siku moja alasiri shangazi yake alikuwa juu ya mbuzi, akikuna nazi za kupika mafuta. Bwana yule alimweleza habari za mashine tatu, bila ya kutaja ile Jumamosi. Alimwahidi pia kumnunulia mashine ya umeme ya kukunia.

"Iko moja huko kwa jirani," shangazi alisema. "Yakuna upesi, siisingizii. Lakini nazi mbovu huingia na nzima, wala hujui mpaka mafuta yanuke. Hapa kila kifuu nakinusa."

"Na zikiwa nazi mia, shangazi?"

"Mia nitaipeleka kwa jirani, mwanangu, ila nizivunje na kuzinusa mwenyewe kwanza." Alikung'uta chicha mkononi. "Hiyo yako, mtu aona ndani?"

Alijibu kwamba huona, akiinama, na taa ikiwapo.

Aliporudi Arizona alinunua ile ya vituo vinne, ya kuzungusha kwa mkono, na taa ndogo ya kufunga juu ya kituo cha tatu, mahali ambapo risasi huwekwa na ganda huzibwa. Kila kinapokwama kitu, huyaondoa maganda yote manne katika sahani na kuanza upya, hata kama matatu yalikuwa mazima. Hapati mia nne kwa saa. Hupata kama mia mbili. Mkewe amezoea kutomsemesha akiwa chumba kile.

Mashine ya kukunia bado hajaipeleka Ushongo. Shangazi hajaiuliza.