Mkate wa Mpishi Asiyeonja

Wapishi wengi hupika kwa ulimi. Huyu alipika kwa sikio. Alikuwa Mwislamu, na katika miaka ya 1950 alifanya kazi jikoni Mwadui, penye almasi aliyoigundua John Williamson mwaka 1940. Kila asubuhi aliwakaangia mabwana bekoni, yaani nyama ya nguruwe iliyokolezwa chumvi, asiionje kamwe. Aliianza katika kikaango baridi ili mafuta yatoke taratibu; mlio ulipofifia, alijua maji yamekwisha, akaiepua.

Nyumbani Shinyanga, nchi ya ng'ombe, aliutengeneza mkate huo kwa namna iliyomhalalikia. Mnofu wa ng'ombe aliukata mwembamba, akautia chumvi, akauanika, akaukaanga kwa samli hata ukakauka. Nyanya alizinyunyizia chumvi, akaziacha zichuruzike, maana nyanya yenye maji ni adui wa mkate. Mkate aliuchoma upande mmoja, nao ndio uliokaa ndani. Jani la saladi (ambalo kwa jua la Shinyanga hunyauka kabla ya adhuhuri) alilifuta likauke, akalitandika chini ya nyanya.

Mgodi mkubwa wa Geita ulipofunguliwa mwaka 2000, mjukuu wake alipata kazi huko. Aliporudi likizo akala mkate wa mzee, kisha akainamisha kichwa.

"Babu, niwie radhi. Ule wa nguruwe nimeuonja."

Mzee alinyamaza kitambo.

"Nyama yake hulia menoni?"

"Hulia, Babu."

Mzee akachukua kisu, akamkatia kipande kingine.