Pete Iliyopita Motoni

Nilimrudishia mchumba wangu pete yake katika kituo cha matatu, mbele za watu. Sonara niliyempelekea aipunguze alikuwa ameitazama kwa lenzi, kisha akaniambia, "Jiwe hili limechomwa, dada." Kumbe buluu niliyojivunia ofisini ilikuwa kahawia! Nikajua nimedanganywa.

Nilipanda basi la usiku kutoka Nairobi, nikafika nyumbani Mbita macho yamevimba. Wanawake walikuwa wakianika omena ufuoni. Nyanya yangu, tumwitaye Dani, alikuwa uani akivipanga vyungu vyake juu ya kuni na kuvifunika kwa nyasi na samadi kavu. Nilimweleza yaliyonisibu. Hakujibu, akawasha moto. Vyungu vilivyoingia vikiwa vya kijivu vilitoka vyekundu.

"Nyakwara, atakayenunua chungu hiki nimemdanganya?"

"La, Dani."

"Basi. Kisichochomwa, ukikitia maji hurudi kuwa tope."

Maneno hayo yalinituma kuutafuta ukweli. Jiwe langu ni tanzanaiti, ambalo uchimbaji wake ulianza Merelani, kaskazini mwa Tanzania, mwaka 1967. Jina hilo lilitolewa na kampuni ya Tiffany ya New York mwaka 1968. Mengi ya mawe hayo hutoka ardhini yakiwa na rangi ya kahawia. Yakitiwa katika tanuri lenye joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi za Selsiasi, vanadiamu iliyomo ndani hubadilika, kahawia ikatoweka, buluu na zambarau zikabaki. Hakuna rangi inayopakwa, wala buluu hiyo haififii. Karibu kila tanzanaiti iliyomo madukani imepita motoni. Jiwe lenye nyufa laweza kupasuka humo tanurini, na hasara ikawa ya mwenyewe.

Ulaghai upo, lakini ni mwingine: kioo cha buluu kuitwa tanzanaiti, au rubi yenye nyufa zilizojazwa kioo kuuzwa kana kwamba ni nzima.

Nilimpigia mchumba wangu simu. "Ulijua limechomwa?"

"Nilijua. Muuzaji aliniambia. Niliogopa ukisikia utalidharau."

Hapo niliyaona makosa mawili. Lake lilikuwa kunyamaza. Langu, lililo kubwa zaidi, lilikuwa kumhukumu hadharani kwa neno nisilolielewa. Nilimwomba radhi. Hakuja siku hiyo wala kesho yake. Jeraha la aibu halifungi upesi. Alikuja baada ya wiki tatu, pete mfukoni, na Dani akamkaribisha kwa samaki na kuon.

Nawe kijana unayenunua pete, muulize muuzaji jiwe limefanywa nini, kisha mwambie unayempa. Moto haukulitia jiwe langu doa. Kimya ndicho kilichokaribia kutuvunjia nyumba kabla hatujaijenga.