Karatasi Nne za Ini Moja

Ini langu lina karatasi nne, na hakuna mbili zinazosema kitu kimoja. Ya kwanza ni ya ultrasaundi: uso wa ini hauko laini, bandama limefika sentimita 15. Ya pili ni ya FibroScan, namba tupu, kilopaskali 17.8. Ya tatu ni ultrasaundi ya baadaye, ya kituo kingine, iliyoandikwa kwa haraka: ini la kawaida, bandama limekua kidogo. Ya nne ni FibroScan tena, 10.6. Kati ya zile mbili za mwanzo na hizi za mwisho nilikuwa nameza tenofovir kila usiku kwa sababu ya homa ya ini aina ya B, ambayo ndiyo iliyolisinyaza ini langu. Pombe sijawahi kuonja, ingawa nikitaja ini watu hunitazama mdomoni kwanza.

Mtu asiyeumwa ataona hapo hadithi nyepesi: aliugua, akameza dawa, akapona. Mume wangu aliisoma hivyo hivyo. Aliipiga picha karatasi ya tatu akaituma kwenye kundi la ukoo, na mama mkwe akajibu kwa ujumbe wa sauti, sala nzima mpaka amina. Kaka yangu, ambaye bado anaishi Ukerewe, hakuandika kitu. Alinipigia pembeni. "Mdogo wangu, wale wa kwanza walikosea au hawa ndio wamekosea? Maana wote hawawezi kuwa sahihi." Mdogo wetu wa mwisho akaruka hatua zote: "Dada, kwa hiyo dawa unaacha lini?"

Siku zile ndipo nilipoona kwamba hakuna aliyekuwa anasoma karatasi. Kila mtu alikuwa anachagua ile inayomtua mzigo wake. Mume wangu alikuwa amechoka kuogopa. Kaka yangu alimuuguza baba hadi mwisho, tumbo limejaa maji, miguu imevimba, na tangu hapo karatasi yenye habari njema haimwingii akilini. Mdogo wetu yeye alichoshwa na bei ya vipimo, ambavyo mara nyingi huvilipia yeye. Na mimi? Asubuhi niliamini 10.6, usiku niliamini 17.8.

Daktari bingwa wa ini niliyekwenda kumwona hakuchagua. Alizipanga zote mezani kwa tarehe, akaongeza na majibu ya damu niliyokuwa nimeyasahau kwenye bahasha, kisha akachukua kalamu. Juu ya kila karatasi akaandika swali. Kwenye ultrasaundi: "Lina sura gani?" Kwenye FibroScan: "Ni gumu kiasi gani?" Kwenye karatasi ya damu: "Linafanya kazi?" Akasema, "Mama, hawa hawajagombana. Hawakuulizwa jambo moja."

Halafu akaanza kunisomesha maandishi madogo. Kipimo cha FibroScan nilikuwa nakijua kwa mwili tu: unalala chali, mkono wa kulia unauweka nyuma ya kichwa, unapakwa jeli kati ya mbavu, kisha kile kifaa kinakugonga mara kumi au zaidi, mdundo mdogo mdogo kama mtu anayekudona kwa kidole akitaka ugeuke. Kila mdundo unapeleka wimbi ndani, na mashine inapima kasi ya wimbi hilo. Kwenye ini gumu wimbi hukimbia, kwenye ini laini husuasua. Namba kubwa tunayoishangilia au kuililia ni ile ya katikati baada ya kuzipanga zote. Chini yake kuna asilimia inayoonyesha vipimo vilitawanyika kiasi gani, na ikizidi 30 daktari makini huwa na mashaka. Yangu ya kwanza ilikuwa 28. Ya pili, 12. Kwa hiyo hata kabla ya kuzungumzia ugonjwa, namba moja ilisimama kwa miguu imara kuliko nyingine, na hakuna hata mmoja katika ukoo mzima aliyekuwa ameuona mstari huo.

Tena, siku ya ile 17.8 vimeng'enya vya ini langu vilikuwa vimepanda sana. Ini lililovimba kwa uvimbe wa virusi huwa gumu hata pale ambapo makovu ni machache. Moyo uliolemewa huligumisha pia, na nyongo iliyoziba, na hata chakula, kwa sababu ukila, damu nyingi huenda kwenye ini. Ndiyo maana mtu hutakiwa kukaa bila kula walau saa tatu kabla ya kipimo. Dawa ilipovituliza virusi, sehemu ya ugumu iliondoka pamoja na uvimbe. Ni sehemu gani iliyoondoka kwa sababu makovu yenyewe yamepungua? Hapo daktari alinyanyua mabega.

Makovu yanaweza kupungua, hilo nilitaka kulisikia na nililisikia. Mwaka 2013 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya wagonjwa wa homa ya ini B waliotibiwa kwa tenofovir miaka mitano, wakakatwa kipande cha ini mwanzoni na mwishoni. Kati ya 96 walioanza na ini lililosinyaa, yaani sirosisi, 71 hawakuwa nalo tena. Niliibeba namba hiyo nyumbani kwa furaha. Njiani, ndani ya daladala, nikaanza kuwahesabu wale 25 waliobaki.

Nilimwuliza kwa nini tusikate kipande na sisi, tumalize ubishi. Akaniambia kipande kile ni kama sehemu moja ya elfu hamsini ya ini lote. Sindano inaweza kuangukia penye kovu au kando ya kovu, na juu ya hapo, mtu mwenye chembe sahani chache anaweza kuvuja damu. Zangu ni 96,000, na kawaida huanzia 150,000. Namba hii ya chembe sahani, ambayo nilikuwa sijaitilia maanani, ndiyo aliyoizungushia duara. Karatasi ya tatu inasema ini la kawaida, sawa, lakini ini la kawaida na bandama tulivu havimpi mtu 96,000. Bandama lililokua hukamata chembe hizo na kuzikalia. Hukua kwa sababu damu inayotoka tumboni inakutana na kizuizi kwenye ini na kurudi nyuma.

Kuhusu lile neno "kawaida" lenyewe, alinionyesha jambo linalonikera hadi leo. Fomu iliyonipeleka kwenye ultrasaundi ya pili ilikuwa imejazwa maneno matatu, "maumivu ya tumbo". Aliyenipima hakuambiwa kwamba nina virusi wala kwamba ini lilishasomwa kuwa lina makovu. Alitafuta mawe kwenye nyongo, hakuyakuta, akaandika alichoandika. Ultrasaundi ni jicho la mtu, na sirosisi changa inaweza kumpita hata mwenye jicho zuri.

Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea. "Ulizaliwa wapi, mama?"

"Ukerewe."

"Ziwani mlikuwa mnaoga?"

Tulikuwa tunaoga, tunafua, tunachota ya kunywa, tunavua dagaa kwa kanga. Nilimeza dawa za kichocho shuleni, kama watoto wote wa visiwa vile. Akaniambia kichocho cha tumbo hupeleka mayai yake kwenye ini, yananasa kwenye matawi madogo ya mshipa unaoingiza damu, na makovu yanaizunguka mishipa hiyo miaka na miaka baada ya mnyoo kufa. Presha ya mshipa huo hupanda, bandama hukua, lakini nyama ya ini yenyewe hubaki nzima, na ugumu haupandi kama ule wa virusi. Inawezekana kabisa, akasema, kwamba bandama langu linasimulia ziwa na ile 17.8 ilikuwa inasimulia virusi. Magonjwa mawili, ini moja. Hakuapa. Alisema inawezekana, akaandika neno "Ukerewe" kwenye faili langu, mahali ambapo lilipaswa kuwa tangu siku ya kwanza.

Na 10.6 je? Miongozo ya Baveno VII, iliyotokana na mkutano wa wataalamu mwaka 2021, inasema chini ya 10, kama hakuna dalili nyingine, ugonjwa mzito wa ini hauelekei kuwepo. Kati ya 10 na 15 unashukiwa, na juu ya 15 ni karibu na uhakika. Ningeshuka kidogo tu ningeingia kwenye kundi la kwanza. Hiyo kidogo niliihesabu mno wiki ile, na nikaacha kuihesabu siku nilipoelewa kwamba hata ningepata 9.9 maelekezo yangu yasingebadilika. Aliyewahi kuwa na sirosisi ya homa ya ini B haachi dawa kwa sababu namba imependeza. Virusi vikiamka tena, ini lisilo na akiba linaweza kuporomoka. Na kila miezi sita atafanyiwa ultrasaundi kutafuta uvimbe wa saratani ungali mdogo, hata kama ya mwisho iliandika kawaida.

Hapo mambo yalitulia kwangu kwa namna ambayo sala ya mama mkwe haikuweza, na Mungu anisamehe. Nilikuwa nataka karatasi iniambie kama nitaishi. Karatasi zote nne, kwa kugombana kwao kote, zilikuwa zinaniambia nifanye mambo yale yale. Meza dawa. Punguza chumvi. Usimeze diklofenaki kwa sababu ya mgongo. Karanga zenye ukungu tupa, na mahindi yaliyolowa usiyapeleke mashineni, kwa sababu sumukuvu na homa ya ini B vikikutana kwenye ini moja huongeza sana hatari ya saratani. Kamera ikashushwa kooni kutazama mishipa ya umio, na ikakuta mishipa midogo, ya kuangaliwa tu. Hicho ndicho kipimo pekee ambacho nyumbani hawakukibishia, labda kwa sababu mume wangu aliona mwenyewe kwenye skrini.

Dawa nilimweleza mdogo wetu kwa nini haiachwi. Alinyamaza, kisha akauliza bei ya kopo. Nikamwambia ndiyo dawa ile ile iliyomo kwenye vidonge vya wenye virusi vya Ukimwi, na kwamba shemeji yake mmoja aliwahi kuliona kopo langu na kutangaza anachojua. Tulicheka, yeye kwa aibu.

Watoto wetu tuliwapima. Waliozaliwa baada ya chanjo ya homa ya ini B kuingia kwenye ratiba ya watoto nchini, mwaka 2002, wote wako salama. Kifunguamimba, aliyezaliwa kabla ya hapo, alikutwa salama pia na akachanjwa. Kaka yangu alikataa kwa miezi. Alisema akijua atakufa haraka, na alisema kwa sauti ya mtu aliyemzika baba. Mwishowe alikwenda kupima Mwanza mjini, virusi vikakutwa, wakampima na ini.

Alinipigia akiwa kwenye meli ya kurudi Nansio, upepo umejaa kwenye simu. Ultrasaundi imetoka safi, akasema, lakini ile mashine ya kugonga mbavu imempa 9.4, na mtu aliyekaa naye kwenye benchi amemwambia hiyo ni mbaya. "Sasa mdogo wangu, niamini ipi?"

Nikamwuliza kama alikuwa amekula kabla ya kipimo.

Alikula. Sangara wa kukaanga na ugali, pale pale nje ya geti, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na hakuna aliyemwambia asile. Nikamwambia atunze karatasi zote mbili, na tarehe ya kurudi ikifika apande meli ya asubuhi akiwa na njaa.