Upanga wa Kweli na Upanga wa Ukutani

Mwezi huu tutembee mbali kidogo, mpaka Ujerumani. Ndugu wengi wa makanisa ya Kongo wamekwisha kufika Wuppertal, kwa sababu ofisi kubwa ya Misioni ya VEM iko kule. Kutoka hapo, safari fupi ya treni inakufikisha Solingen, mji ambao wenyeji wanauita mji wa visu.

Mto Wupper unapita hapo. Kwa miaka mamia maji yake yalizungusha mawe makubwa ya kunolea. Nyumba moja ya kunolea, Wipperkotten, ingali imesimama kando ya mto. Na kule Gräfrath, ndani ya jumba la zamani la watawa, kuna makumbusho ya visu na panga tangu 1991.

Sasa, ukiingia maduka ya wageni huko Ulaya, utaona panga nyingi zinazongaa, tena za bei ya chini. Kijana anatamani kununua moja apeleke nyumbani. Je, ni upanga kweli ao ni pambo? Kununua pambo si vibaya, ikiwa unajua ni pambo. Vibaya ni kulipa feza ya upanga, ao kulichezea kama upanga. Angalia mambo haya:

1. Alama. Watu wengi wanatazama alama kwanza, lakini alama peke yake haitoshi. Zamani mafundi wa Passau walikuwa na alama ya mbwa mwitu anayekimbia. Mafundi wa Solingen wakaiiga, wakaandika hata majina ya mafundi wa Toledo, inchi ya Hispania, kusudi wauze vizuri. Kumbe, baadaye wao wenyewe wakaigwa! Ndipo mwaka wa 1938 sheria ikakataza kuandika jina Solingen juu ya kisu ambacho hakikutengenezwa kule.

2. Chuma. Mapambo mengi ni ya inoksi. Inoksi ni nzuri kwa kisu cha jikoni, maana ni kifupi. Lakini kwa upanga mrefu inavunjika upesi. Upanga wa kweli ni wa chuma chenye kaboni, na usipopakwa mafuta unashika kutu. Vijana wa machimbo wanajua kazi hii: fundi anachoma ncha ya chuma cha kuchimbia mpaka iwe nyekundu, anaizamisha majini ikauke. Ikikauka kupita kiasi inakatika. Kwa hiyo fundi wa upanga anauchoma tena kwa moto mdogo, kusudi uweze kupinda na kurudi.

3. Uzito. Watu wanafikiri upanga wa zamani ulikuwa mzito sana. Hapana. Upanga wa mkono mmoja wa Ulaya ulikuwa kama kilo 1 mpaka 1 na nusu. Tena ni mnene karibu na mpini, unapungua mpaka ncha. Pambo mara nyingi ni bati nene lililokatwa tu, unene wake sawasawa mwanzo hata mwisho, na mkononi linavuta chini.

4. Mkia. Hapa ndipo penye siri, maana hapaonekani. Chuma cha upanga wa kweli kinaendelea ndani ya mpini, kipana na chenye nguvu, mpaka mwisho wake. Katika pambo ni msumari mwembamba tu, uliounganishwa kwa moto ao kufungwa kwa skrubu. Ukipiga nao kitu, unakatika hapo, na chuma kinaruka mbele kwa mtu aliyesimama karibu.

Basi, mbele ya kutoa feza, muulize muuzaji: chuma gani? Kilichomwa namna gani? Mkia wake ukoje? Anayeuza upanga wa kweli atakujibu bila shida. Akikuonyesha tu namna unavyongaa, ulipe bei ya pambo. Na ukifika nyumbani, uutundike juu ukutani, mahali watoto hawafiki.