Kuisafisha Breki ya Nyuma

Watu wengi hukisifu chombo kwa mwendo wake. Wachache hukisifu kwa kusimama kwake. Walakini mwendo usio na kituo si sifa, ni msiba.

Mimi ni mwalimu, nami hukaa Wundanyi, katika milima ya Taita. Pikipiki nyingi za abiria zina breki ya ngoma kwa nyuma. Yangu ina diski, ibanwayo na kalipa. Ndani ya kalipa mna pistoni isukumwayo na mafuta ya breki. Vumbi na tope vikiigandia, pistoni hukataa kurudi. Pedi husuguana na diski bila kukoma, na moto huzidi. Mafuta ya DOT 4 yakiwa mapya huvumilia nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakisha kunyonya unyevu huweza kuchemka kwenye nyuzi 155. Hapo pedali hulegea, na breki haishiki.

Kwa sababu hiyo, kila mwisho wa muhula mimi huifungua kalipa. Kwanza hulegeza pini ya pedi wakati kalipa ingali imefungwa imara. Kisha hufungua bolti, nikaitoa kalipa na kuitundika kwa waya, ili isining'inie kwa mpira wake. Tangu hapo pedali haiguswi, maana pistoni yaweza kuruka nje, na mafuta yakamwagika na kula rangi. Husugua kwa brashi laini, maji na sabuni. Petroli siitumii, kwani huharibu mipira izuiayo mafuta kuvuja. Pistoni ikisha takata ndipo huirudisha ndani polepole; ikirudishwa chafu, hubeba uchafu pamoja nayo.

Nikisha kukaza bolti kwa kipimo cha mtengenezaji, hukanyaga pedali mara nyingi mpaka iwe ngumu. Halafu huijaribu pikipiki mahali tambarare, peke yangu.

Binti yangu aliniuliza siku moja, "Baba, mbona waisafisha breki ambayo haijaharibika?" Nilimkumbusha kona za kushukia Mwatate, ambako yeye huketi nyuma yangu bila hofu. Breki iliyoharibika haitangazi habari zake nyumbani, huzitangaza mteremkoni.

Enyi vijana, kuaminiwa ni deni. Abiria hawezi kuiona pistoni, wala hajui kama ni safi au chafu. Anayejua ni mwenye usukani, na juu yake peke yake ndipo wajibu ulipo.