Vifaranga wa Vuli: Kulea Kuku na Bata Ntobeye

Ntobeye ni kata ya vilima, migomba na mihogo wilayani Ngara, mkoani Kagera, kwenye pembe ya Tanzania inayopakana na Rwanda na Burundi. Huko mwaka wa mfugaji wa kuku hauanzi Januari. Huanza kiangazi kinapokatika, Septemba ikielekea Oktoba, mvua za kwanza za vuli zinapolowesha ardhi na kumbikumbi wakaanza kuruka. Wafugaji wa Ulaya na Marekani hungoja baridi iishe, ndipo wanunue vifaranga mwezi wa Machi au Aprili. Ngara haina theluji. Ina kiangazi cha Juni hadi Agosti, na mwishoni mwa kiangazi hicho ndipo kuku hufa kwa wingi.

Mwandishi wa makala haya alizaliwa na kukulia humo, na ameishi kwa kulea vifaranga tangu usichana wake hadi leo ana wajukuu. Amekuwa mfugaji, mchuuzi wa mayai, kisha mchanjaji wa kijiji, yule anayepita nyumba kwa nyumba na chupa ndogo ya dawa ndani ya kikapu. Ameona mengi, lakini neno analolishikilia ni moja: kuku wa nyumba moja hawawi salama kabisa ikiwa kuku wa jirani hawajachanjwa.

Alijifunza kazi kwa mama yake. Kuku walilala jikoni, karibu na mafiga, kwa hiyo vifaranga walipata joto bila mtu kulipangia hesabu. Kuwatunza kuku ilikuwa kazi ya mama, ingawa zamani sehemu nyingi za ukanda ule wanawake hawakula kuku wala mayai. Mwanamke alifuga, mgeni akala. Daftari, sare ya shule, chumvi na mafuta ya taa vilitokana na mayai hayo hayo ambayo mwenyewe hakuyaonja.

Halafu mdondo uliingia. Wengine huuita kideri. Kuku anasinzia mchana, mabawa yameshuka, anatoa kinyesi cha kijani, anakoroma, na baadhi yao shingo inapinda hadi kichwa kikatazama nyuma. Katika kundi lisilochanjwa ugonjwa huu unaweza kuua karibu kuku wote kwa siku chache. Wazee walitia pilipili au mshubiri kwenye maji ya kunywa, na yeyote aliyebahatika kubakiwa na kuku wawili aliamini kwamba dawa imefanya kazi. Ukweli ni kwamba mdondo husababishwa na kirusi na hauna tiba. Wataalamu waliutambua mwaka 1926, huko Java na katika mji wa Newcastle, Uingereza, na jina la mji huo ndilo lililobaki kwenye vitabu. Msichana wa Ntobeye hakuyajua hayo. Alijua tu kwamba mwaka wenye mdondo ni mwaka usio na sare mpya.

Biashara yenyewe ilimjia mwaka 1994. Mwishoni mwa Aprili, wakimbizi wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya muda wa siku moja hivi, na kambi yao ya Benaco ikawa mji mkubwa kuliko mji wowote Ngara iliyowahi kuuona. Kulikuwa na huzuni isiyoelezeka. Kulikuwa pia na soko. Yai ambalo kijijini mara nyingi lilikuwa zawadi ya mgeni likawa bidhaa yenye bei, na wanawake wa vijiji vya jirani wakatembea na vikapu vichwani alfajiri. Naye alikuwa miongoni mwao. Desemba 1996 wakimbizi wengi wa Rwanda waliporudishwa kwao, soko lilipungua kwa ghafla, lakini alikuwa ameshaelewa kwamba kuku wanaweza kuendesha nyumba. Kilichobaki ni kuwazuia wasife.

Njia ya kuwazuia ilipatikana mbali sana na Ngara. Katika Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, watafiti walitengeneza chanjo ya mdondo iitwayo I-2, inayostahimili joto kuliko chanjo za zamani. Chanjo hiyo huzalishwa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania kwa jina la Temevac. Chanjo za zamani ziliharibika haraka nje ya friji, na kijijini friji ilikuwa habari ya mjini. Hii huvumilia safari ya mchanjaji, mradi ifunikwe kwa kitambaa kibichi ndani ya kikapu na isipigwe jua.

Bwana mifugo wa kata alimfundisha yeye na wenzake wachache. Kazi ni nyepesi kuitazama, lakini mkono unataka utulivu. Kuku hulazwa ubavu, kichwa kikashikwa kwa vidole viwili, jicho moja likielekea juu. Chupa inashikwa wima, mdomo wake ukitazama chini, ili tone liwe na ukubwa unaotakiwa. Tone moja linaanguka jichoni. Hapo usimwachie. Ngoja apepese, tone litawanyike, ndipo umweke chini. Kifaranga na jogoo hupata kipimo kilekile, tone moja, na kazi hurudiwa kila baada ya miezi mitatu.

Ugumu ulikuwa kwa watu. Mzee mmoja wa kitongoji cha pili alikataa katakata kufungua banda.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mwanangu. Kuku wangu wazima hawa, unawatilia dawa ya nini? Njoo wakiugua.”

“Wakiugua, babu, hata mimi sina la kuwafanyia. Tone hili ni la wazima tu.”

Mzee huyo alikuwa na akili nzuri, na hoja yake ilikuwa ya haki: maisha yake yote dawa ilikuwa kitu cha mgonjwa. Hakubadilika kwa maneno. Alibadilika mwaka uliofuata, alipoona jogoo wa jirani yake wakiwika Oktoba na banda lake likiwa halina hata kifaranga. Tangu hapo yeye ndiye aliyekuwa akituma wajukuu kuita watu siku ya chanjo.

Na bata je? Watu wengi huwaacha nje ya hesabu kwa sababu ni nadra bata kuonekana mgonjwa wa mdondo. Lakini bata anaweza kukibeba kirusi mwenyewe akiwa mzima, akala pamoja na kuku na kunywa nao maji kwenye beseni moja. Ndiyo maana mchanjaji anapofika kwenye boma lenye bata na kuku pamoja, huhakikisha kwamba hakuna kuku hata mmoja aliyerukwa.

Bata ndio waliomfundisha subira. Bata wengi wa vijijini, wale wenye nyama nyekundu usoni, asili yao ni Amerika ya Kusini na Kati, na mayai yao hukaa siku 35 kabla ya kuanguliwa. Bata wa jamii nyingine huchukua siku 28, kuku 21. Mtu akitaka tetea mmoja amlelee watoto wa aina mbili, hana budi kuhesabu. Mwandishi huanza na mayai ya bata, sita au saba kwa tetea mwenye mwili mkubwa, kisha baada ya wiki mbili kamili anaongeza machache ya kuku. Wote huanguliwa pamoja. Akiyaweka siku moja, tetea atainuka na vifaranga wake siku ya 21 na mayai ya bata yatapoa yakiwa nusu safari. Wiki tano ni mzigo kwa tetea, hivyo mahindi na maji hukaa hatua chache tu kutoka kiotani, na mwandishi humchagua tetea aliyenona.

Usiku wa siku ya saba ndio wa kupima. Anazima taa, anaviringisha kipande cha gazeti kwenye mdomo wa tochi, analiweka yai juu yake. Yai lenye uhai huonyesha doa jeusi na mishipa myekundu iliyosambaa kama mizizi. Yai tupu hupitisha mwanga wote, na hilo huondolewa kabla halijawa viza na kuharibu mengine. Mama bata aliyetoka kuoga hurudi kiotani na manyoya mabichi, na unyevu huo huzuia utando wa ndani ya yai usikauke na kumbana kifaranga. Tetea haogi. Kwa hiyo siku za mwisho mwandishi huchovya vidole kwenye maji ya uvuguvugu na kuyanyunyizia mayai ya bata, kidogo kidogo, mara moja kwa siku.

Wakishatoka, kazi inageuka kuwa ya joto. Kifaranga wa wiki ya kwanza anahitaji nyuzi 32 hadi 35, na kila wiki hupunguziwa kama nyuzi tatu. Usiku wa vuli katika vilima vya Ngara hauko karibu na kiwango hicho. Vifaranga wasio na mama huwekwa kwenye kinengunengu, uzio wa duara wa mbao laini au mkeka. Umbo la duara lina sababu: kwenye pembe vifaranga hurundikana, na wa chini hukosa pumzi. Katikati huwekwa chungu cha makaa yaliyofunikwa majivu. Dirisha la juu halifungwi kamwe, kwa kuwa hewa ya mkaa haina harufu na huua vifaranga na mlezi wao. Kipimajoto hakipo katika nyumba nyingi, lakini vifaranga wenyewe husema. Wakikusanyika kwenye chungu na kulia, wana baridi. Wakijitenga ukingoni midomo wazi, joto limezidi. Wakitawanyika na kulala popote, nenda ukalale nawe.

Vifaranga wa bata hawatakiwi kuchanganywa na wa kuku kwenye kinengunengu kwa muda mrefu. Hucheza na maji usiku kucha, matandiko yanalowa, na matandiko mabichi ndiyo huleta kuhara damu kwa vifaranga wa kuku. Vifaranga wa bata wanahitaji chombo chenye kina cha kutosha kuzamisha mdomo na matundu ya pua, lakini kiwe na kokoto ndani wasiweze kuogelea. Bata mchanga aliyelelewa na tetea akiachwa bwawani hulowa na kufa kwa baridi, ingawa ni ndege wa maji. Tena bata wachanga wanahitaji niasini, yaani vitamini B3, nyingi zaidi kuliko vifaranga wa kuku. Mahindi peke yake hayatoshelezi, miguu hupinda wakashindwa kusimama. Dagaa wa Ziwa Victoria waliosagwa na kuchanganywa na pumba huzuia upungufu huo kabla haujaanza, na hakuna pesa inayotumika vizuri zaidi katika banda la bata. Kumbikumbi wa mvua za kwanza ni nyongeza ya bure: wanaanguka chini ya taa, wanaokotwa, na vifaranga hukimbizana nao.

Miaka ya karibuni wameingia kuku wa aina mpya, Kuroiler waliozalishwa India na Sasso wa Ufaransa. Vifaranga wao husafirishwa kwa basi katika maboksi yenye matundu, kwa kuwa kifaranga aliyetoka kuanguliwa hubeba kiini cha yai tumboni kinachoweza kumtosha siku mbili hadi tatu. Kuku hao wanakua haraka na wanataga sana. Mwandishi amewafuga na anawasifu, lakini ni nadra kwao kulalia mayai. Mfugaji aliyewauza tetea wake wote wa kienyeji ili awanunue hao amejifunga kununua vifaranga milele. Ushauri wake ni kubakiza tetea wawili watatu wa kienyeji, wale wanaoatamia vizuri, hata kama mayai yao ni madogo.

Biashara ya vifaranga ina mpaka wake pia, hasa kwa wilaya yenye vituo vya mpakani vya Rusumo na Kabanga. Oktoba 2017 serikali ilichoma moto vifaranga 6,400 walioingizwa kupitia mpaka wa Namanga kutoka Kenya, kwa hofu ya mafua ya ndege. Katazo la kuingiza vifaranga kutoka nje mwandishi analiunga mkono, maana anajua ugonjwa unavyosafiri ndani ya boksi. Kuwachoma wakiwa hai hakukubali wakati ule na hakubali leo. Anayewaua kuku kwa sababu ya maradhi anaweza kuwaua bila kuwatesa.

Siku hizi mwandishi hapiti tena nyumba zote. Vijana aliowafundisha ndio wanaobeba kikapu, wengi wao wanawake, na kazi yake imebaki kuwakumbusha watu tarehe. Tarehe yenyewe ni ya Agosti, kabla mdondo haujashika kasi na kabla tetea hawajakaa juu ya mayai ya vuli. Kisha Novemba, Februari na Mei. Chupa moja ya chanjo hutosha kuku wengi kuliko wa kaya moja, na ikishafunguliwa haikai muda mrefu. Kwa hiyo, msomaji uliye na kuku hata watatu, zungumza na majirani zako mwezi wa Julai, mchange fedha, mkubaliane siku moja, na mumwarifu bwana mifugo wa kata. Siku hiyo kuku wasifunguliwe alfajiri mpaka mchanjaji afike.